Wajibu wa Mzazi kwa Mwana Aliye Chuoni

Sheria ya Kenya humhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18. Siku hiyo ikifika, yeye ni mtu mzima: aweza kupiga kura, kuoa au kuolewa, na kufunga mikataba. Lakini njaa haiulizi umri, wala karo haipungui kwa sababu mwanafunzi amekomaa. Aghalabu ndio wakati ule ule kijana amalizapo sekondari na kubisha hodi mlangoni pa chuo.

Wazazi wangu walitengana nilipokuwa mdogo. Baba alileta masurufu kila mwezi kwa amri ya korti, bila ya kukosa. Nilipotimiza miaka 18 yalikoma, naye akanena kuwa deni lake limekwisha. Mwezi uliofuata nikaitwa chuoni. Mama, aliyekuwa mshonaji, akabaki na mzigo wa watu wawili. Cherehani yake ilivuma hata usiku wa manane, na macho yake yakafifia kabla ya wakati. Simlaumu baba kwa kuvunja amri, maana hakuivunja. Nauliza tu: je, mwisho wa amri ndio mwisho wa ubaba?

Sheria yenyewe haikukusudia hivyo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 iliipa korti uwezo wa kuongeza muda wa wajibu wa mzazi kupita miaka 18, ikiwa hali ya pekee yahitaji hivyo kwa ustawi wa mtoto. Na ile ya mwaka 2022, iliyoshika mahali pake, imeuhifadhi uwezo huo. Masomo yasiyokwisha yamepata kukubaliwa kuwa hali ya namna hiyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kuwa malezi ni wajibu wa baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Mwana naye ana lake. Mzazi si kisima kisichokauka. Anayelipiwa karo akaupoteza muda wake kwa anasa anakula jasho la mwenziwe. Akiweza kukopa kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanzishwa mwaka 1995, na akope, akikumbuka kuwa mkopo hulipwa.

Basi wazazi waliotengana na wakae kitako mapema, kabla mwana hajatimiza miaka 18, wapatane nani atalipa nini, na mpaka lini. Mkulima haachi kupalilia mahindi kwa kuwa yamempita kimo.