Pikipiki tatu, kasoro moja



Wengi wetu hatuendeshi pikipiki, lakini maisha yetu yanapita juu yake. Mafuta ya mawese, mchele, chumvi, mgonjwa, mama mwenye uchungu wa kuzaa: wote na vyote hubebwa na vijana wetu wa pikipiki. Kwa hiyo wiki hii tunasema juu ya mnyororo na pinyo, yaani kile chuma kidogo chenye meno kinachovuta mnyororo ili gurudumu la nyuma lizunguke.

Kikundi chetu cha akiba kina pikipiki 3. Mwaka huu zote zilifungwa pinyo mpya na mnyororo mpya kutoka duka moja. Kwa kawaida vyuma hivyo hudumu miezi mingi. Safari hii, baada ya wiki 5, meno ya pinyo ya kwanza yalikuwa yamechongoka kama msumeno. Kwenye mlima wa njia ya Wamaza mnyororo uliruka, ukakatika, ukakaba gurudumu. Kijana wetu alianguka pamoja na abiria wake, mama mwenye mimba ya miezi 7. Walianguka kwenye mchanga. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto wake ni wazima.

Muuzaji alituambia: "Dereva wenu anapakia sana." Kwa pikipiki moja, neno hilo lingeweza kuwa kweli. Ndiyo maana tulimwambia fundi afungue zote. Pinyo ya pili ilikuwa imechongoka vilevile. Ya tatu nayo vilevile, na hiyo hubeba abiria mmoja tu, hapahapa mjini. Basi tatizo halikuwa mzigo. Chuma chenyewe kilikuwa kibaya.

Hata viwanda vikubwa hukamatwa kwa njia hiyo. Katika nchi nyingi, malalamiko ya aina moja yakiongezeka, kiwanda hutangaza: rudisheni magari haya tuyatengeneze bila malipo. Januari 2017, huko Afrika Kusini, Ford iliita magari 4,556 ya aina ya Kuga, kwa sababu injini zilikuwa zinapata joto kupita kiasi na magari mengine yalishika moto.

Kwetu tangazo kama hilo ni vigumu kufika. Gari linakuja limekwisha kutumika ng'ambo, na barua ya kiwanda inaenda kwa mwenyewe wa kwanza. Lakini namba ya shasi inabaki ileile. Kwa magari mengi ya siku hizi ina herufi na tarakimu 17, na kwa hiyo kiwanda hutambua gari. Mwenye gari aiandike, ampe mtoto aliye Kindu au Bukavu amwangalizie kwenye intaneti.

Kwa pinyo zetu, tulirudi dukani wamama 12, na vyuma vyote 3 kwenye sahani, na karatasi ya duka mkononi. Hatukumtukana mtu. Muuzaji aliangalia, akanyamaza, akarudisha pesa za pinyo. Za mnyororo akakataa. Lakini boksi la pinyo zilezile lilikuwa bado kwenye rafu. Hilo ndilo linatunyima usingizi: kuna wengine wanaosafiri leo juu ya chuma kile.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kila wiki angalieni meno ya pinyo. Yakichongoka au yakilala upande mmoja, pikipiki isitoke. Sukumeni mnyororo kwa kidole katikati. Ukicheza zaidi ya sentimita 3 hivi, fundi aukaze. Pinyo, mnyororo na chuma kikubwa cha nyuma vibadilishwe pamoja, maana kipya kikikutana na kichakavu hakidumu. Tunzeni karatasi ya duka. Chuma kilichoharibika msikitupe.

Kwenye mkutano ujao tutafungua daftari moja: tarehe, duka, chuma, na wiki ngapi kilidumu. Wa Kabambare wanaweza kumtuma dereva wanayemwamini. Asiyejua kuandika aje na chuma chake tu, sisi tutaandika.