Hofu ya Kununuliwa kwa Tikiti

Katika parokia zetu neno kermesi lajulikana vizuri. Ndiyo siku ile ambapo akina mama huuza maandazi, watoto huimba na kucheza, na mapato huenda kununua mabati ya kanisa. Bali ni wachache wajuao asili ya neno lenyewe. Waflandri wa Ubelgiji walisema kerkmis, yaani Misa ya kanisa: Misa ya ukumbusho wa siku ile kanisa la mji lilipotabarukiwa. Watu walikusanyika kusali, na walipotoka walikuta uwanjani wachuuzi, wapiga zumari na wachezaji wa viini macho. Wajerumani nao husema Kirmes. Karne zikapita, wengi wakaisahau Misa, wakabaki na uwanja.

Hivyo ndivyo vilivyozaliwa viwanja vya michezo visafirivyo katika Ulaya. Jamaa nzima, baba, mama na watoto, huja na malori yao, hufunga mitambo ya kuchezea, hukaa majuma machache, kisha hufungua skurubu zote na kuhamia mji mwingine. Brussels wanayo Foire du Midi kila Julai na Agosti. Munich wana Oktoberfest, iliyoanza Oktoba 1810 kwa arusi ya Ludwig, mrithi wa ufalme wa Bavaria. Wengi huisema kwa sababu ya pombe tu. Sisi tuliiendea kwa sababu nyingine.

Yafaa tueleze. Tangu tulipokuwa wanafunzi wa misioni tumependa sana mitambo ile ambayo Wafaransa huiita milima ya Kirusi: reli inayopanda juu, ikashuka ghafula, ikajipinda, na watu wamekaa garini wakipiga kelele. Tuliiona kwanza katika picha ya gazeti kuukuu, tukaikata na kuificha ndani ya kitabu cha Kilatini. Basi tulipoalikwa Ujerumani na parokia moja rafiki, Padre mwenyeji wetu alikuwa ametayarisha makumbusho mawili na kanisa kuu. Tulimshukuru, tukayatazama yote kwa adabu, kisha tukamwomba atupeleke kwenye Olympia Looping. Alicheka hata akavua miwani.

Mtambo huo ulisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1989, nao ni kazi ya fundi Anton Schwarzkopf na mhandisi Werner Stengel. Una urefu wa mita 32.5 kwenda juu, na reli yake ni mita 1,250. Una vitanzi vitano vilivyosimama, mfano wa zile pete tano za Olimpiki, na katika kila kitanzi abiria hupinduliwa kichwa chini. Ajabu kubwa kwetu ni kwamba mlima huu wote wa chuma hufunguliwa na kupakiwa katika malori, ukasimama tena mahali pengine.

Tulikaa garini, na chuma kimoja kikashushwa juu ya mapaja yetu. Hakuna kingine kinachomshika mtu, wala mabegani wala kifuani. Tukauliza moyoni: Je, tukiwa kichwa chini? Lakini mwalimu wa fizikia hana ruhusa ya kuuliza hivyo, maana jibu analijua: gari lipitapo kasi ndani ya kitanzi, mwili hugandamizwa kitini, hauanguki. Tulijua hayo vema, na hata hivyo tulikishika kile chuma kama mtu ashikaye kamba ya kisima. Gari halina mashine ndani yake. Hupandishwa mpaka kileleni, likaachwa, na yote yafuatayo ni kazi ya uzito wake tu. Wanafunzi wanaweza kufanya hesabu: kitu kishukacho mita 32 pasipo msuguano wowote kingefika mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Gari hili hufika 80 hivi. Zile nyingine zimeliwa na upepo na magurudumu. Chini ya kitanzi twalijiona wazito mara tano, shavu likavutwa, na jina la Mama Maria likatutoka kwa sauti ambayo hatukuijua kuwa ni yetu.

Tuliposhuka, Padre alituonyesha jambo lililotugusa kuliko vile vitanzi. Alhamisi ya kwanza ya sikukuu huadhimishwa Misa ndani ya moja ya yale mahema makubwa, kwa ajili ya watu wa mitambo na wafanyakazi wengine. Mara nyingine watoto wao hubatizwa au hupewa Kipaimara papo hapo, kwa sababu watu hao hawana mji mmoja wa kudumu, na parokia yao ni barabara. Kanisa la Ujerumani limeweka mapadre wa kuwahudumia. Naye hayati Papa Fransisko aliwapokea Roma watu wa sarakasi na wa viwanja visafirivyo, katika Jubilei ya Juni 2016. Basi ile Misa iliyosahauliwa na wengi bado imo uwanjani kwa wale wanaoutengeneza.

Historia ya mchezo huu ina mambo ya kutuhusu sisi wa Salamabila. Mwanzo Warusi waliteleza juu ya vilima vya mbao vilivyofunikwa barafu. Mwaka 1817, mjini Paris, wakaweka magurudumu na reli. Lakini mzazi wa pili ni mgodi. Mwaka 1827, huko Mauch Chunk, Pennsylvania, ilijengwa reli ya kuteremsha makaa ya mawe kwa uzito wake tu. Nyumbu walishuka ndani ya gari lao wenyewe, kisha wakavuta magari matupu kupanda. Baadaye watu wa mjini wakalipa nauli ili nao wateremke kwa furaha. LaMarcus Thompson, mtu mcha Mungu aliyechukia nyumba za ulevi, alijenga reli yake ya kuchezea huko Coney Island mwaka 1884, senti tano kila safari, mwendo wa kilomita 10 tu kwa saa. Nasi, watu wa Namoya na dhahabu yake, tuna vilima, tuna mashimo, na tuna mizigo ishukayo. Nauli ya furaha haijafika.

Tuliporudi nyumbani tukasimulia. Mama mkubwa wetu alisikiliza mpaka mwisho, akiwa anachambua mboga. Kisha akasema, "Mwanangu, umelipa fedha ili uogopeshwe? Hapa hofu hutolewa bure."

Hatukuweza kumcheka. Katika nchi ya Kabambare na Kasongo watu wamekimbia bunduki zaidi ya mara moja, na watoto wanajua sauti zake kabla ya kujua kusoma. Tulimjibu kwamba kule hofu ina mwisho unaojulikana: dakika chache, kisha mtu anashuka, ananunua karanga. Akasema, "Basi walichokuuzia ni ule mwisho." Tangu hapo tumelitafakari neno hilo kuliko vitabu vingi vya fizikia.

Darasani tulipasua bomba la plastiki, tukatengeneza mteremko wenye kitanzi kimoja cha nusu kipenyo cha sentimeta 10. Hesabu ya kitabu yasema kitu kitelezacho pasipo msuguano kianze sentimeta 25 juu ili kisianguke. Gololi, kwa kuwa inabingirika, huhitaji 27. Yetu ilianguka kwa 27, ikaanguka kwa 30, ikazunguka kwa 34, na darasa zima likapiga vigelegele hata mwalimu wa chumba cha pili akaja kutazama.

Tukawaeleza pia jinsi mitambo ya Munich ikaguliwavyo kabla ya sikukuu kufunguliwa na wataalamu wa TÜV, na kwamba mtambo usiokaguliwa haupati ruhusa. Kijana mmoja, ambaye siku nyingi hukosa masomo kwa kuwa huchimba ili apate fedha za shule, akainua mkono. "Mwalimu, shimoni kwetu nani hukagua?" Kabla hatujajibu, akajijibu mwenyewe: "Magogo hutazamwa na yule aingiaye wa kwanza."

Juma lililofuata tuliliweka kando lile bomba. Tulileta magogo ya kweli, tukafundisha sura ya mizigo na mihimili kwa magogo hayo: gogo lililosimama wima hubeba kiasi gani, lililoinama kiasi gani, na udongo ulionyeshewa mvua huongeza uzito gani juu yake. Kijana yule alihudhuria siku zote tano. Siku ya tano alikuja na wenzake watatu ambao si wanafunzi wetu, miguu yao ingali na tope jekundu, wakasimama dirishani, nasi tukawaita waingie.