Dawa Tuliyoificha

Shangazi yetu wa Mikumi alipopatwa na saratani ya titi, alipelekwa Dar es Salaam kutibiwa. Sisi jamaa zake wa Kilosa, kwa mapenzi, tulimfungia unga wa majani ya mlonge pamoja na vidonge vya vitamini C na E, tukamwusia: "Shangazi, tumia kila siku. Daktari hana haja ya kujua."

Safari ya tatu tulimsindikiza. Daktari akamwuliza: "Mama, kuna kitu kingine unachotumia?" Shangazi akatutazama, nasi tukainamisha vichwa. Ndipo tulipoutoa ule mfuko. Hakutukemea, bali alitueleza.

Mwili, katika kuitumia hewa ya oksijeni, huzaa vitu vikali mfano wa cheche za moto, nao una vizimio vyake. Cheche zikizidi vizimio, seli hudhurika. Hali hiyo wataalamu huiita mkazo wa oksidisheni. Dawa aliyotiwa shangazi, ile nyekundu iitwayo doksorubisini, huiua saratani kwa njia kadhaa, na mojawapo ni kuzidisha cheche hizo. Zaweza pia kuudhuru moyo, ndiyo maana daktari huuangalia. Vitamini C na E, na vitu vingi vilivyomo katika mlonge, kazi yao ni kuzima. Basi yahofiwa kwamba tulikuwa tukimwagia maji moto uliowashwa makusudi kuchoma magugu.

Mionzi nayo huua saratani kwa cheche kama hizo. Huko Kanada, wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo waliotibiwa kwa mionzi waligawanywa, wengine wakapewa vitamini E, na baadhi yao beta-karotini pia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa waliopewa walielekea kupungukiwa na maudhi makali ya mionzi. Lakini saratani nayo ilielekea kuwarudia zaidi.

Daktari hakumkataza shangazi mchicha wala machungwa ya mlo wa kawaida. Alikataza vidonge na unga visivyo na shauri lake.

Kosa letu kubwa, basi, lilikuwa kuficha. Kutafuta dawa ni mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), na mgonjwa ni amana. Shangazi angali akitibiwa, na shifa yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Nanyi mlio na mgonjwa nyumbani, msimpe kwa siri kitu asichokijua daktari wake.