Mkono Uliokazwa na Mkono Uliolegezwa

Mwaka 1810 walizaliwa watoto wawili ambao baadaye walisifiwa kwa muziki wa piano, yaani kile kinanda kikubwa chenye vibao vyeupe na vyeusi. Mmoja ni Robert Schumann wa Ujerumani, wa pili ni Frédéric Chopin wa Polandi.

Schumann alipopata miaka 20 aliacha masomo ya sheria, akakaa mjini Leipzig kwa mwalimu wa piano. Moyo wake haukutulia, maana Clara, binti wa mwalimu wake, mwenye miaka 11 tu, alikuwa amekwisha kumpita. Basi akajifunza kwa bidii nyingi, tena akatumia kifaa cha kulazimisha vidole vipate nguvu upesi. Kisimfae! Mwaka 1832 kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kimekaza kabisa. Waganga wametaja sababu mbalimbali za ugonjwa ule, lakini tumaini la kuwa mpigaji mkuu lilikwisha. Akashika kazi ya kutunga. Na Clara, aliyemwoa mwaka 1840, ndiye aliyepiga nyimbo zake mbele ya watu.

Chopin alifundisha mjini Paris kwa njia nyingine. Aliwaambia wanafunzi walegeze kiwiko na kifundo cha mkono. Dole gumba na kidole cha mwisho viliwekwa juu ya vibao vyeupe, na vidole virefu vitatu juu ya vibao vyeusi vilivyoinuka, ili mkono ukae kama ulivyoumbwa. Wala hakupenda wajifunze zaidi ya saa tatu kwa siku.

Hata hivyo, Chopin mwenyewe aliogopa mkutano wa watu wengi. Hakuificha hofu yake, wala hakuishindania kwa nguvu. Alipenda kupiga mbele ya rafiki wachache. Na ilipombidi kupiga hadharani, alijifungia nyumbani kama majuma mawili, akipiga nyimbo za Bach ili kujitayarisha.

Mtu akiogopa, mabega hupanda, pumzi hukatika, na vidole hukaza. Na vidole vikikaza, hofu huzidi. Basi mwenye kupiga na ashushe mabega, avute pumzi taratibu, aanze polepole. Na akisikia maumivu, apumzike. Bidii ni njema, lakini wahenga walisema: Haraka haraka haina baraka.