Kuni za Msiba

Barua ya kupangiwa kazi ilinikuta Olmotonyi mwaka 1988, siku chache baada ya kumaliza mafunzo ya misitu. Nikaiacha misindano na ukungu wa Mlima Meru, nikashukia Shinyanga, mahali ambapo mtu aliweza kuona mchunga ng'ombe toka mbali sana kwa kuwa hapakuwa na mti wa kumficha.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mzee wa Kisukuma, afisa misitu wa miaka mingi. Simtaji jina, maana mwenyewe hakupenda kutajwa. Sisi vijana wa kazi tulimwita Mzee tu. Siku yangu ya tatu alinipitia asubuhi, nikadhani tunakwenda bustani ya miche. Tukaenda msibani.

Tulipokwisha kutoa pole, akanionyesha kwa macho mahali kina mama walipokuwa wakisonga ugali katika moshi mzito.

"Binti, umeona wanapikia nini?"

"Samadi, Mzee. Na mabua ya pamba."

"Samadi hiyo ilikuwa iende shambani. Mwakani mtama utakuwa mfupi, na mwenye shamba atafyeka kichaka kingine ili afidie mavuno yaliyopungua. Ardhi yetu inaanza kufa pale jikoni."

Mambo niliyoyasoma chuoni niliyaelewa siku ile. Tangu miaka ya 1920, enzi za ukoloni, vichaka vya Usukuma vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Ikaja pamba, nayo ikataka mashamba mapya. Mifugo ikaongezeka huku malisho yakipungua. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa kwenye vijiji, wengi waliacha nyuma maeneo waliyokuwa wameyatunza kwa vizazi. Mwalimu Nyerere alipopita huko mwaka 1984, hali ilimtisha, na mwaka 1986 ukazaliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kila mtu aliujua kwa jina la HASHI.

Nami nilikuja na ari ya kupanda. Msimu wangu wa kwanza nilipanda mikaratusi kwenye mteremko wa kijiji kimoja, safu zimenyooka kama mistari ya daftari. Kiangazi kikaja na mchwa wakaja nacho. Kufika mwezi wa tisa nilikuwa napita kati ya vijiti vikavu, machozi yakinilengalenga. Mzee hakunigombeza. Alipiga magoti pembeni ya shamba langu, akafukua kidogo kwa panga, akanionyesha kisiki cha mgunga kilichokuwa kimetafunwa na mbuzi hadi kikawa sawa na ardhi. Akakwangua gome. Ndani kilikuwa kibichi.

"Mwanangu, mizizi hii ilikuwa hapa kabla mimi sijazaliwa. Haikuhitaji kupandwa. Kamwombe mwenye mbuzi abadilishe njia."

Toka siku ile nilianza kazi upya. Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani: eneo linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti viote bila kuguswa, halafu linafunguliwa kiangazi kikali, malisho ya kwingine yanapokwisha. Mzee alisema kwamba mtaalamu anayefika kijijini na jibu mkononi amekwisha kuwanyima watu nafasi ya kukumbuka la kwao. Kwa hiyo kwenye dagashida, mkutano wa wazee chini ya mti, aliketi kwenye kigoda kama wengine na kuuliza swali moja: "Zamani, mwezi wa tisa, ng'ombe wenu walikula wapi?" Kisha akanyamaza. Wazee wakaanza kutaja mabonde, vilima, na majina ya mababu walioyatunza. Mimi niliandika. Jioni tulikuwa na ramani ambayo hakuna chuo kingenipa. Mipaka waliiweka wao, faini wakaipanga wao, na ulinzi wakawapa sungusungu.

Lakini dagashida ilikuwa ya wanaume, na Mzee alilijua hilo. Kabla ya kila mkutano alinituma kisimani. "Kakae na mama zako. Usiulize kuhusu miti. Uliza siku yao inavyokwenda." Wanaume walitaka nyasi, wanawake wakaniambia habari za kuni: kuondoka alfajiri na kurudi jua likiwa kichwani, na aibu ya kuandaa msiba bila kuni za kupikia waombolezaji. Mzee aliyafikisha maneno hayo mbele ya wazee kama yalivyo, na akakataa kuondoka mpaka kijiji kikubali kutenga, mbali na ngitili za familia, moja ya wote, ambamo mjane asiye na ng'ombe naye ataokota kuni. Kijiji kile cha mikaratusi yangu kilifunga ngitili yake mwaka 1990.

HASHI ilipoanza, ngitili zilizojulikana hazikuzidi hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Siku niliyompelekea Mzee habari hizo alikuwa amestaafu. Alifurahi, akanikaribisha michembe, halafu akauliza kama kile kisiki cha mgunga bado kipo. Nikamwambia kimekuwa mti, na wachungaji wanapumzika kivulini mwake.

Alipofariki, nilifika nyumbani kwake usiku. Alfajiri tukasikia mkokoteni. Watu wa kijiji kile walikuwa wamesafiri usiku kucha na ng'ombe wao, wameleta kuni: matawi makavu ya mgunga, yamefungwa vizuri kwa kamba. Bibi mmoja niliyemfahamu toka kisimani alinishika mkono.

"Hizi ni zile za kwetu," akasema. "Za kule mlikofunga na Mzee."

Nilivua viatu, nikajifunga khanga, nikakaa na kina mama kuchochea moto. Siku ile moshi haukuwa mzito. Waombolezaji wote walikula, na kuni zikabaki.