Mstari wa Nne

Fomu ya basari ya klabu yetu niliiandika mimi, mwaka 2009, nikiwa katibu. Jina la mtoto, shule aliyoitwa, jina la mzazi, na mstari wa nne: nambari ya kipande (kitambulisho) cha mzazi. Fomu isiyo na nambari hiyo haikufika mezani kwa kamati. Fedha zilikuwa za watu, nami niliona ni amana kuzilinda.

Tulikutana kila Jumatano jioni katika hoteli moja ya Diani. Kengele hugongwa, dua fupi, chai na mahamri, taarifa ya mweka hazina, kisha mgeni mwalikwa hupewa dakika 20. Miaka mingi wageni walizungumza juu ya kisukari, bima, upandaji wa mikoko. Habari za uhamiaji zililetwa na hofu. Baada ya mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na ya Mpeketoni mwaka 2014, mazungumzo ya kwanza tuliyopewa yalihusu namna ya kumtambua asiye na karatasi. Niliandika kurasa mbili kamili.

Mwaka uliofuata mwanachama mmoja, mwalimu, alimleta mzee wa Kimakonde, mchongaji wa mpingo. Mwenyekiti akamkaribisha azungumze juu ya uhamiaji. Mzee akasimama, akatutazama.

"Mimi sijahama," akasema. "Aliyehama ni baba."

Baba yake alitoka Msumbiji miaka ya 1930, akaja kukata mkonge, kisha akaingia kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi. Mzee akazaliwa kambini, akakulia hapo, akaoa hapo, na kiwanda cha sukari kilipofungwa mwaka 1988 alikuwa bado yupo hapo. Uhuru ulipokuja, aliyezaliwa Kenya alihesabiwa raia papo hapo ikiwa na mzazi wake mmoja kazaliwa Kenya. Wazazi wake wote wawili walizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma. Watu wa namna yake walipewa miaka 2 ya kuomba, lakini kule kambini hakuna aliyekwenda kuwaambia.

Kisha akatueleza maisha ya mtu asiye na kipande, na hapo ndipo ukumbi ulipotulia. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la jirani. Akiuza kinyago, pesa huingia M-Pesa ya jirani, na jirani hukata chake kwanza. Shamba analolima miaka yote hawezi kuliandikisha. Akisafiri kwenda Mombasa hushuka kwenye matatu kabla ya kizuizi cha polisi, akazunguka kwa miguu vichakani, akapanda nyingine mbele. Alikuwa na mvi kichwa kizima, na bado alikuwa akizunguka vichakani.

Mwisho akanigeukia. "Mama katibu, binti yangu alileta fomu kwenu. Ikarudishwa."

Sikuikumbuka. Niliporudi nyumbani niliitafuta kwenye faili nikaikuta, mwandiko mzuri wa kitoto, na kwenye mstari wa nne kistari kifupi tu. Juu yake mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: *haijakamilika*.

Tulibishana Jumatano tatu. Mweka hazina alisema sheria ni sheria, na hakuwa mtu mbaya, kweli aliogopa. Lakini sheria yenyewe ilikuwa upande wa mzee. Ile ya uraia ya mwaka 2011 iliwaruhusu wasio na utaifa waliokuwa nchini tangu uhuru waombe kusajiliwa, ndani ya miaka 5. Kwa mara ya pili, habari haikuwafikia wengi. Tukaanza kuwasaidia kukusanya ushahidi: barua za wazee wa mtaa, madaftari ya shule, kadi za kliniki.

Muda ule wa awali ulimalizika Agosti 2016. Oktoba, Wamakonde wakaamua kwenda wenyewe kwa Rais, wakaondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, kina mama na watoto wakiwamo. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Mwanzoni mwa 2017 walitangazwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani yetu walingoja hadi 2023.

Mstari wa nne wa fomu sasa unauliza jina la mtu mzima anayemjua mtoto, na mahali anapoishi. Hatujawahi kuibiwa kwa sababu hiyo.

Mzee alirudi Jumatano moja mwaka ule wa 2017, kipande kikiwa mfukoni mwa shati. Kikapita mkono kwa mkono hadi kwangu. Akaniomba nikisome kwa sauti, nikasoma: jina lake, mwaka wake, wilaya ya kuzaliwa, Kwale. Akaniomba nirudie hapo. Nikarudia.

Nilimuuliza habari za binti yake. Akasema asingeweza kuja. Yuko Ukunda, kazi za nyumbani, na tajiri wake hampi ruhusa siku za katikati ya wiki.