APAREYI YA FINALISTI: HESABU YA DOLA 230



Mwanzo wa mwaka huu wa masomo tuliomba kila mwanafunzi wa darasa la sita atoe dola 5. Wote 46 walitoa, wengine kwa siku moja, wengine kwa vipande vipande vya franka mpaka karibu na Noeli. Feza zote zilikuwa dola 230. Sisi watatu wa komite, ni kusema kapita wa shule mwenye kuandika maneno haya, dada mmoja wa Biokimia na ndugu mmoja wa Pedagojia, tulitumwa kununua apareyi ya foto. Leo tunaleta hesabu. Tunaileta kwa maandiko kwa sababu kuna dola 55 ambazo watu wamezisemasema sana chini ya mwembe, na ni vizuri wasikie ukweli kutoka kinywa chetu.

Kwanza, kwa nini apareyi? Ninyi nyote munajua kwamba simu ni marufuku ndani ya kiwanja cha masomo. Kwa hiyo kila mwaka siku ya kuagana tunaita fotografe wa mjini. Anapanga watu, anapiga, kila foto inalipwa, kisha anaondoka na zote. Mwaka ukipita, ukimwuliza foto ya wakubwa wetu, anajibu kwamba ordinateri yake ilikufa. Ukiingia biro ya prefe hutakuta sura hata moja ya wale waliomaliza mbele yetu. Sisi tulisema: tununue chombo chetu, tukiache kwa wadogo wetu.

Sasa, apareyi gani? Hapo njo mashindano yalianza. Wengi walitaka ile yenye megapikseli mingi, wakidhani megapikseli ni kama pointi za ekzameni: mwenye mingi ndiye wa kwanza. Wengine walitaka kubwa na nzito, yenye kushtua watu. Tuseme kweli, sisi kapita tulikuwa kati ya hao. Tulijiona tayari na mkanda shingoni, tukipita mbele ya vidato vya chini.

Mwalimu wa fizika alitusaidia. Alichora ubaoni apareyi ya namna ya refleksi. Mwanga unaingia kwa objektifu, unapiga kioo kilichoinama, kioo kinaurudisha juu mpaka kwenye jicho lako. Kwa hiyo unachokiona ni kile objektifu inachokiona. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, pazia ndogo linafunguka kwa wakati mfupi sana, na mwanga unaanguka juu ya kapteri, kile kipande kinachoshika sura mahali filmu ilipokuwa zamani. Ile sauti ya « kla » ni kioo na pazia.

Kisha alitupa hesabu. Foto ya megapikseli 6 iko na nukta karibu 3.000 kwa 2.000, na hiyo inatosha kutoa karatasi safi ya sentimita 20 kwa 30. Nani kati yetu atachapa kubwa kuliko hiyo? Alisema: « Musiulize kwanza ni megapikseli ngapi. Muulize mwanga unaingia namna gani, na unaangukia wapi. » Kapteri ya simu ni ndogo kama ukucha wa mtoto, na ya refleksi za bei ndogo ni kama milimita 23 kwa 15. Bakuli kubwa linakinga mvua nyingi kuliko kikombe. Juu ya hiyo foto ya refleksi inakuwa safi hata ndani ya nyumba yenye giza kidogo.

Alitufundisha tena kwamba wakati huu ni mzuri kwa wenye feza kidogo. Makampuni makubwa yamegeukia apareyi zisizo na kioo. Kwa mfano Nikon D3500, refleksi ya wanaoanza iliyotoka mwaka 2018, iliacha kutengenezwa mwaka 2022. Watu wa Ulaya wanauza refleksi zao, na nyingine zinafika mpaka huku kwetu. Aliyekosa feza ya mupya anaweza kupata ya zamani iliyo nzima.

Mwalimu wa historia naye hakunyamaza. Aliposikia kelele zetu juu ya apareyi ya kujivunia, alituuliza: « Munataka kupiga nini? » Akatueleza habari za Alice Seeley Harris, mama Mwingereza wa misioni ya Kiprotestanti kule Baringa, katika Equateur. Mwaka 1904 mtu mmoja jina lake Nsala alifika kwake na mkono na mguu wa mtoto wake mdogo Boali, aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira. Mama yule alimpiga Nsala foto, ameketi, akiangalia vile vipande. Foto ile na nyingine zake zilionyeshwa makanisani Uingereza na Marekani, na zilikuwa kati ya vitu vilivyofanya watu wapaze sauti mpaka mfalme Léopold alinyang'anywa Kongo mwaka 1908. Mwalimu alimaliza hivi: « Hakuna aliyeuliza apareyi ya mama yule ilikuwa ya bei gani. » Darasa zima lilinyamaza.

Basi mwezi wa kwanza tulishuka Lubumbashi, kutoka Likasi ni kilometa karibu 120. Nauli tulitoa mfukoni mwetu, haimo katika hesabu hii. Duka ambamo tuliingia hatutalitaja. Ndani ya kabati la kioo kulikuwa Canon na Nikon, zote za mkono wa pili. Dada yetu wa Biokimia alikuwa ameandika maulizo katika daftari, na hakuona haya.

« Papa, tunaweza kuijaribu? » Akapiga foto ya mlango, foto ya barabara, foto ya ukuta mweupe. Ukuta mweupe njo unaonyesha madoa ya vumbi juu ya kapteri. Akainua objektifu kwenye mwanga, akatafuta ukungu, kwa kuwa kioo kikikaa mahali pa unyevu kinaota ukungu kama mkate. Akaomba tuweke foto moja katika ordinateri ya duka, tusome apareyi imebonyezwa mara ngapi. Hesabu hiyo inafichwa ndani ya foto yenyewe. Ilikuwa Nikon D3200, ya namna iliyotoka mwaka 2012, megapikseli 24. Kampuni ilijaribu pazia lake kwa mibonyezo 100.000, na hii yetu ilikuwa imefikia 21.000 na kitu. Ni kama motokari ambayo haijatembea sana. Tulikubaliana dola 150 pamoja na objektifu yake ya 18-55 na sharjeri.

Tuliongeza karte ya kumbukumbu dola 8, na batri ya pili dola 12. Batri mbili ni lazima, maana ninyi munajua mambo ya SNEL: unaweza kulala na umeme na kuamka bila. Batri moja ikijaa inapiga foto karibu 540. Ndugu wa Pedagojia alicheka: « Tunalipa kobalti ambayo inatoka hapa kwetu! » Si uongo. Batri za namna hiyo mara nyingi ziko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika Kongo, upande wetu huu wa Kolwezi na Likasi. Inaondoka kama udongo, inarudi kwa dola 12.

Mpaka hapo ni dola 170, na kila kitu kilienda vema. Sasa inakuja ile 55.

Mwuzaji alitoa objektifu ndogo nyeusi, 50 mm, yenye kuandikwa 1:1.8. Mwalimu wa fizika alikuwa ametueleza: objektifu ya 18-55 ikisogezwa mpaka mwisho tundu lake ni 5.6, ile ya 1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara 9. Tuliposoma 1.8, moyo wetu uliruka. Dada yetu alifungua daftari yake tena, akasema: « Yaya, tuijaribu hii pia. » Lakini bisi ya Likasi ilikuwa inajaa watu. Sisi kapita ndio tuliosema: « Hapana mashaka, apareyi ni Nikon, objektifu ni Nikon. » Mwuzaji naye: « Ni vile, mukubwa. » Tukalipa, tukakimbia.

Usiku, katika chumba cha kusomea, tuliifunga mbele ya watu. Kwenye kioo kidogo kulitokea neno linalowakawaka: fEE. Wasomaji wa Kifaransa mulicheka sana. Mulisema apareyi imeingiwa na fée, imelogwa. Haikulogwa. Objektifu za zamani ziko na pete ya tundu, na pete hiyo lazima ifungwe kwenye namba kubwa, 22, ndipo apareyi ya leo ikubali. Tulifunga, fée akaondoka. Lakini foto zote zilitoka na ukungu. Objektifu haikujitafutia sura, haikuzunguka hata kidogo.

Kesho yake mwalimu alitazama herufi. Ilikuwa imeandikwa AF tu, si AF-S. Namna ile ya objektifu haina motere ndani yake. Inangoja motere ya apareyi. Nikon D3200 haina motere hiyo. Apareyi kama D7000 njo iko nayo. Hakuna kilichovunjika, na hatuwezi kusema tulidanganywa. Objektifu ilikuwa nzima, apareyi ilikuwa nzima. Herufi moja tu, na sisi hatukuuliza.

Tunapenda mujue kwamba tulifikiri kuficha. Tungeweza kuiweka ndani ya sanduku na kusema kwamba ni ya kazi maalum. Dada yetu alikataa. Alisema: « Kama tunaficha dola 55, na zile 170 hawatatuamini. » Tulisimama mbele ya darasa siku ya tatu. Mwenzetu mmoja alisema neno ambalo hatujalisahau: « Mama yangu anauzishaka makala. Ile dola tano munajua ni siku ngapi kwenye barabara? » Hatukuwa na jibu. Tuliomba msamaha, tukakaa.

Kisha hatukuwa na njia ingine ila kujifunza kwa mkono. Unazungusha pete ya objektifu polepole, na ndani, upande wa chini wa kushoto, kuna nukta ndogo ya kijani. Sura ikiwa safi nukta inatulia. Ukisogea kidogo inapotea. Kwa majuma matatu tulipiga viatu, vitabu, majani ya mwembe na pua za wenzetu. Wadogo wa darasa la tano walijifunza haraka kuliko sisi.

Mwezi wa pili, asubuhi saa kumi na moja, tulimkuta mzee sentineli wetu karibu na moto wake, pale kwa mlango mkubwa. Aliuliza: « Batoto, mukinipiga foto, mutanipa? » Tulijibu ndiyo. Objektifu ya 18-55 ilishindwa. Giza lilikuwa nguvu, na hatukutaka kumpiga flashi machoni. Tuliweka ile ya 50. Tulipiga foto 14. Kumi na moja zilitoka vibaya, kwa sababu mzee alikuwa anacheka na kutikisika. Tatu zilitoka safi: mwanga wa moto upande mmoja wa uso, kofia yake ya sufu, na mkono juu ya fimbo. Tulimwonyesha nyuma ya apareyi. Alitazama kwa muda mrefu, akasema: « Kumbe nimezeeka vile. »

Tulisema tutamchapia. Kisha interro zilikuja, na tuliahirisha.

Ninyi nyote munajua kwamba mzee aliaga dunia mwezi wa ine, wakati wa likizo ya Pasaka. Siku ya kilio mtoto wake mwanamke alikuja shuleni akauliza kama kuna foto ya baba. Nyumbani hawakuwa na yoyote, isipokuwa ile ya kadi ya uchaguzi, ambayo ni ndogo na imefutika. Tulikuwa na dola 5 zilizobaki. Tulichapa moja ya zile tatu, sentimita 20 kwa 30, na kuipeleka sisi wenyewe. Waliiweka juu ya meza, mbele ya watu. Mama mmoja mzee aliigusa na kidole, kwenye shavu. Tulifurahi kwamba foto iko, na tuliona haya kwamba yeye mwenyewe hakuishika mkononi, kama tulivyomwahidi.

Hesabu ni hii: apareyi na objektifu yake 150, karte 8, batri 12, objektifu ya 50 mm 55, foto ya mzee 5. Jumla dola 230. Hakuna kilichobaki.

Kwa wadogo wetu ambao siku moja watanunua ingine, maneno machache. Kwanza mujue munataka kupiga nini, kisha muulize bei. Megapikseli zisiwadanganye. Mujaribu kila kitu pale pale dukani, kila objektifu juu ya apareyi yenyewe, hata kama bisi inaondoka. Kuna bisi ingine. Musome herufi zote. Muache feza kidogo kwa batri na kwa kuchapa, maana foto isiyochapwa ni kama barua isiyotumwa. Na mukimwahidi mtu foto, mumpe juma lile lile.

Apareyi imekabiziwa darasa la tano pamoja na daftari ya dada yetu. Iko katika kabati la biro ya prefe, batri zote mbili zimejaa. Ile objektifu ya 50 tumeifunga juu yake, pete kwenye 22.

Kwa jina la komite,
Kapita wa shule, darasa la sita